Asidi chini ya kiti cha mama

Rangi imekauka. Nimeigusa kwa kidole, haishiki tena. Leo ni Jumamosi, ukungu bado umekalia migomba na kahawa zetu, na mimi nimekaa kwenye tairi bovu naandika hapa kwa simu, kwa sababu mdomoni haya mambo hayatoki.

Gari ni Landrova ya baba, ya zamani kuliko mimi na kaka Deo. Baba alibebea kahawa za watu humo miaka yote. Alipofariki tukambeba humohumo mpaka kwao Lipingo, ziwani, tukamzika. Mama alikaa kiti chake, cha kushoto, pembeni ya dereva. Hajawahi kukaa kingine.

Kule msibani ndiko ilikoharibika. Betri ya hii gari inakaa chini ya kiti cha mama. Watu walikuwa wengi, simu zimezima, na kila mtu ana ndugu wa kumpigia. Baba mdogo akashusha paneli ya sola kwenye paa la nyumba yake, akaiunga moja kwa moja na betri, simu zikapangwa kwenye boneti kama dagaa. Jua la ziwani ni kali. Betri ikawa inachemka, na maji yakipungua baba mdogo anachota ya ziwani kwa kikombe, anajaza mpaka juu.

“Haya maji tunakunywa sisi,” akasema. “Betri ni nani ayakatae?”

Watu wakacheka. Mama naye akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu baba alazwe hospitali. Ndiyo maana mpaka leo nashindwa kumlaumu baba mdogo.

Tukarudi Mbinga. Mama akafua kitenge chake cha msiba, kikatoka kwenye beseni kina matundu upande wa kukalia, kama kimeliwa na panya. Akakianika hivyohivyo. Mimi nikaenda kuinua kiti.

Chini kulikuwa na unga mweupe, mwingine wa kijani, na harufu ya kuchoma pua. Sanduku la betri lilikuwa limelika, nikasukuma kidole kikatokea upande wa pili. Chesisi chini yake inabanduka magamba.

Deo alipoona akasema kuna watu wa chuma chakavu pale Kitai, awaite waje kuibeba. “Mama hawezi kukaa juu ya shimo. Siku ya kuweka msalaba tutapanda basi kama wenzetu.”

Kwetu udongo wa kaburi ukishatulia, familia inarudi, inasomwa misa, unawekwa msalaba wa kudumu. Hapo tanga limeisha.

Mama alijibu akiwa jikoni, taratibu tu. “Basi pandeni ninyi. Mimi nilimpeleka na hii, na msalaba wake naupeleka na hii. Isipotembea, siendi.”

Fundi Athumani wa karibu na stendi akanielekeza. Nilichukua magadi ya mama, yale ya maharage, nikakoroga kwenye maji nikamwagia. Povu likatoka, linachachatika. Nikamwaga tena na tena mpaka likanyamaza. Nikasuuza, nikaacha pakauke, nikapiga brashi ya waya mpaka chuma kikang'aa. Palipolika kabisa Athumani akakata, akachomelea kipande kipya. Nikapaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu, halafu nyeusi. Betri nyingine nimeikalisha ndani ya dumu la mafuta ya kula nililolikata, ikitema asidi itemee humo. Vichwa vyake nimevipaka grisi.

Athumani akawa ananitania. “Mdogo wangu, hii gari unaitengeneza au unaibembeleza?”

Nikacheka tu.

Ukweli ni kwamba palipokwisha nilikuwa narudia. Pamesafishika, nasugua tena. Rangi imekauka, namwambia mama bado mbichi. Nikiwa kule chini naona miguu ya mtu inapita, nasubiri ainame aniulize, kama baba, spana namba ngapi. Hainami mtu.

Gari ikipona, tunaenda kuweka msalaba. Msalaba ukishawekwa, majirani hawatakuja tena kukaa na mama, wala hakuna atakayeniita mfiwa.

Nitakuwa tu mtu asiye na baba.

Jana jioni Deo alikuja, akainua kiti, akapiga kisigino pale palipotoboka. Chuma kikagoma. Akapiga tena kwa nguvu. Halafu akabaki ameinama, na mabega yanatikisika. Nikageuka, nikajifanya natafuta kitambaa.

“Itatufikisha,” akasema. “Mambo ya chuma chakavu tutaongea tukirudi.”

Sijui kama tutaongea. Sijui hata ninataka Deo aseme nini. Kuna saa nawaza ibaki hapa uani mpaka nizeeke nayo, na kuna saa nawaza waje tu waichukue nisiwe ninaiona.

Sasa hivi Deo ameshawasha. Mama ameketi kwenye kiti chake, rozari mkononi, anaangalia mbele.

Naacha hapa. Msalaba ni wa saruji, umelazwa nyuma juu ya magunia, na kule tukiacha lami kuna makorongo. Inabidi mtu akae nao aukumbatie mpaka Lipingo, usije ukavunjika. Mama amesema niwe mimi.