Gitaa Uliloniambia Niligawe

Kwako kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi za mdogo wako. Mkono unaendeleaje? Najua hupendi kuulizwa, lakini nisipouliza mimi, aulize nani? Wifi hajambo? Na mtoto wenu, bado anang'ata wageni?

Mimi ni mzima, ila vidole vya mkono wa kulia vimeota sugu, hata kalamu hii naiona nene kama mpini wa nyundo. Sababu ni gitaa lako. Sikuligawa. Miezi minane iliyopita, ulipotoka hospitali mkono wa kushoto umebaki na gumba na kidole kimoja, uliniambia nimpe yeyote anayelitaka. Nilitafuta mtu nikajipata mwenyewe.

Ananifundisha yule kinyozi anayetazamana na karakana yetu. Mchana wenzangu wakila, mimi nakwenda kukaa kwenye benchi la wateja wake. Wiki ya kwanza nilifundishwa kukaza nyuzi tu, nikakata mbili. Ya pili nikapewa mshiko mmoja wa vidole vitatu, na kila nilipobonyeza ilitoka sauti ya kabati lenye bawaba kavu. Mteja mmoja aliondoka amenyolewa upande mmoja, akisema atarudi nikishamaliza. Kinyozi naye hudai kwamba nikihama kutoka mshiko mmoja hadi mwingine, yeye anamaliza kichwa kizima. Kila nikilishika gitaa anatikisa kichwa, na sababu yake nitakuambia. Lakini sasa napiga wimbo mzima, ule uliokuwa ukiupiga tukisubiri gundi ikauke.

Kaka, nimezunguka vya kutosha. Siku ya ajali, mwenye karakana alisema ni uzembe wako, nawe ukakubali kwamba huenda ulisahau kurudisha kifuniko cha msumeno wa umeme. Hukusahau. Nilikifungua mimi asubuhi ile nifagie vumbi la mbao, nikaitwa kupakua mzigo, sikukirudisha. Nikakuona ukibebwa, nikanyamaza. Nimenyamaza kila siku tangu hapo, na aibu imenila. Jana nilimweleza yote mwenye karakana mbele ya mafundi, naye ataamua la kufanya nami. Lakini niliyemkosea ni wewe. Nisamehe, kaka. Ukishindwa, nitaelewa.

Sasa kuhusu kinyozi. Siku ya kwanza kabisa nilimwomba azigeuze nyuzi zote, za juu ziwe chini, ili shingo ya gitaa ishikwe kwa mkono wa kulia na nyuzi zipigwe kwa wa kushoto. Aliniuliza, "Wewe unaandika kwa mkono wa kulia, unajitesea nini?"

Nikamjibu, "Gitaa lina mwenyewe."

Gumba lako na hicho kidole vinatosha kupiga. Mkono wa kulia ndio wa kufundishwa upya, na kila mahali utakapouma mimi nimeshapita.

Nakuja nalo Jumamosi. Usiponifungulia mlango, nitaliacha hapo kibarazani, likiwa limeshakazwa.

Nisalimie wifi sana, na mtoto mwambie shangazi yake anakuja, aandae meno. Nakutakia afya na moyo mwepesi.

Mdogo wako yuleyule,
Mchwa