Cheni ya Pikipiki ya Baba Kadiri

Gisenyi, 11 Agosti 2024

Baba yangu, shikamoo.

Huku tu wazima, alhamdulillahi. Vipi goti? Na shangazi hajambo? Nkusi ameniletea barua yako akipita na lori lake la mizigo, hata hakulizima.

Oili nimebadilisha mwenyewe. Ila hukuniambia niwashe injini kwanza ipate joto, ikabidi nikuandikie tena kuuliza, na wiki tatu zikapita. Kwenye plagi pia ulisahau jambo. Unazeeka, Baba, au unanitania?

Sasa cheni imelegea, inagonga nikipanda mlima wa Rugerero na mzigo wa sare za shule ninazoshona. Fundi Niyomugabo anataka kuikaza, nimemkatalia. Spana ulizoniachia ulipohamia huko ni zangu, nami nataka kuijua kazi uliyoifanya miaka thelathini. Nikizishika nasikia harufu ya koti lako. Nieleze taratibu.

Binti yako,
Bushira

Bukoba, 29 Agosti 2024

Mwanangu Bushira,

Marahaba. Goti linasumbua mvua ikikaribia, vinginevyo ni mzima. Shangazi yako anakusalimu. Ananilisha kana kwamba nimetoka vitani.

Haya, cheni. Legeza nati kubwa ya gurudumu la nyuma. Kaza skrubu mbili za pembeni, kulia na kushoto, mizunguko sawasawa, maana zikipishana gurudumu linakaa upande. Cheni ikishakazika, bana nati, paka oili kidogo.

Zamani ulikuwa unakaa mbele yangu juu ya tangi la pikipiki, tunashuka ziwani kuiosha, nawe unapiga honi njia nzima. Mama yako, Mungu amrehemu, alitungoja mlangoni na sabuni. Alifoka kwamba kitasa hakiguswi kwa mikono ile ya grisi. Nyumba hii ya Bukoba ni safi mno. Hakuna anayenifokea.

Uniandikie.
Baba yako, Kadiri

Bukoba, 20 Oktoba 2024

Mwanangu,

Nakusalimu, na sijui kama u mzima. Wiki saba hujajibu. Simu unajua sikio langu haliwezi, na shangazi akikupigia unamwambia uko salama, basi. Jana Nkusi amesema alikuona Mahoko umefungwa bandeji mkononi.

Ni cheni? Kama ni cheni, basi sikusahau kitu. Cheni hupimwa mtu akiwa ameketi juu pamoja na mzigo, na lazima ibaki inacheza vidole viwili. Niliacha kukuambia makusudi, kama nilivyofanya kwenye oili na plagi, ili uniulize. Nilijiambia, akishajua yote, atamwandikia nini mzee asiye na kazi? Nikadhani ukiona imekuwa ngumu utauliza kabla ya kubeba kitu. Nimemdanganya mwanafunzi wangu, na mwanafunzi ni mtoto wangu. Naona aibu, Bushira. Nisamehe.

Baba yako

Gisenyi, 10 Novemba 2024

Baba, shikamoo.

Mkono umepona. Ilikuwa Jumamosi ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa. Tuliporudi kutoka kuzibua mitaro nikaikaza cheni, pikipiki ikiwa tupu, mpaka ikawa haichezi kabisa, nikajisifu. Jumatatu nikafunga sare za kupeleka Mahoko, na mlimani cheni ikakatika. Nilianguka na mzigo wote matopeni. Niyomugabo alikuja, akaitazama, akasema, "Bon, we dada, ulikaza cheni pikipiki ikiwa haina muzigo? Muzigo ikipanda, cheni inakosa nafasi. Nani alikufundisha hivi?" Nikamwambia nimejifundisha mwenyewe. Sikutaka aguse jina lako.

Nilinyamaza kwa sababu nilijua wewe huwezi kukosea cheni. Nikasema, basi akili ya Baba imeanza kumtoka, kwanza oili, kisha plagi, sasa hii. Hilo liliniuma kuliko mkono, na nilishindwa kukuuliza. Kumbe ulikumbuka kila kitu. Nilipoisoma barua yako nilicheka kwa furaha, halafu nikakasirika, na bado nimekasirika kidogo. Lakini nimekusamehe.

Nimefunga cheni mpya kwa mikono yangu, jirani yangu Mwiza akiwa ameketi juu na mabunda mawili ya sare mapajani, analalamika kwamba anachelewa kanisani. Inacheza vidole viwili. Jana nimepanda Rugerero bila kelele.

Chumba chako nimekipaka chokaa. Pikipiki haina ubovu wowote, Baba, nami sina swali lolote. Njoo.

Mwanao,
Bushira