Mama Ametupikia Mayai ya Maabara

Jumapili, katikati ya Julai. Baridi imetukalia vibaya huku mtaani kwetu Fedha. Mawingu yako chini, nguo nilizoanika jana bado mbichi, na ndege zinazoenda kutua tunazisikia tu bila kuziona. Nimejifunga leso juu ya sweta na bado natetemeka.

Nina hofu, nimechoka, na nimeshiba mayai. Ngoja nieleze.

Kama ndiyo mara yako ya kwanza kupita hapa, mimi hufanya kazi katika maabara inayochunguza jinsi moyo unavyojiunda kabla ya kuzaliwa. Tunatumia mayai ya kuku, lakini si haya ya dukani. Lazima yawe ya kuku anayeishi na jogoo. Tunayaweka kwenye mashine ya kuatamia, tunakata kidirisha kwenye ganda, tunachungulia kwa hadubini. Siku ya pili unaona kitu chekundu, kidogo kuliko punje ya mtama, kinaanza kudunda. Hapo bado ni mrija tu. Baadaye mrija unajipinda, kuta zinaota ndani yake, vyumba vinajitenga. Kazi yangu ni kuzima jeni fulani katika seli za mrija huo, kisha tungoje tuone kitakachokosekana. Ukizima hii, mrija hukataa kujipinda. Ukizima ile, ukuta hauzibi, na moyo unabaki na tundu.

Watu hudhani niliingia kazi hii kwa sababu ya Simiyu. Hapana. Nilikuwa nayo kabla yake, na haikumsaidia chochote.

Simiyu ndiye mtoto wetu wa kwanza. Alizaliwa na tundu moyoni na mshipa uliobana, na hakufika hata kutambaa. Wakati wake mtaa mzima uliniita Mama Simiyu, kuanzia mama mboga hadi mlinzi wa geti. Tulipomzika, jina hilo nalo likaisha. Nikarudi kuwa Njeri. Hakuna aliyenikosea, watu waliogopa kunitonesha. Lakini iliniuma, na inaniuma mpaka leo.

Sasa nina mimba tena. Kesho asubuhi nina miadi ya kupigwa picha ya moyo wa mtoto. Nimeshaiahirisha zaidi ya mara moja, mara kazi ni nyingi, mara nina homa ya uongo. Mimi ninayechungulia mioyo kutwa naogopa kuuangalia mmoja.

Mama mkwe wangu yuko nasi wiki hii, ametoka Bungoma. Mimi na yeye tuna adabu nyingi kuliko mapenzi. Simiyu alipozaliwa alikuja kutusaidia, akawa anamwogesha kwa mikono yake mikubwa na kumwimbia. Asubuhi moja nilikuwa nanyonyesha, mtoto akaanza kutoka jasho kwenye paji la uso na midomo ikageuka rangi ya zambarau. Mama alimtazama tu. Kisha akafunga mzigo wake na kuondoka na basi la siku hiyo hiyo. Hospitalini hakuwahi kukanyaga. Tangu hapo akija nampokea mzigo, nampa kiti kizuri, nampikia ugali wa wimbi anaoupenda. Kumsamehe, sikumsamehe.

Haya, mayai. Jana nilinunua trei kwa mama mmoja wa Kayole anayefuga kienyeji, kwa sababu kesho maabara inaanza jaribio jipya. Niliyaweka stoo, nyuma ya mitungi ya maji ambako kuna ubaridi, nikayafunika na gazeti. Leo nikaenda kanisani. Mama alibaki kwa sababu ya goti lake. Wekesa, mume wangu, alikuwa ameenda kwa kinyozi.

Niliporudi, nilikuta sufuria kubwa mezani. Mayai yote yamechemshwa, yamemenywa, na kachumbari iko pembeni.

"Mama, hizi mayai umetoa wapi?"

"Hapo kwa stoo, penye ulikuwa umezificha."

"Sikuzificha! Ni za kazi, Mama. Kesho nitaambia mkubwa wangu nini? Ati tumezila?"

Nilipaza sauti. Sijawahi kumpazia sauti, na nilingoja anijibu kwa ukali. Badala yake alikaa polepole, akaniangalia kwa namna ambayo sikuielewa.

"Kwa hivyo hukuwa unaogopa kuzikula?"

Niogope mayai? Kwa nini?

Ndipo akaanza kusema, huku akikunja na kukunjua ncha ya leso yake. Alipoolewa, wanawake wa kwao hawakuruhusiwa kula kuku wala mayai. Hivyo vilikuwa vya wanaume. Katika mimba yake ya kwanza njaa ilimshika siku moja, akachemsha yai na kulila nyuma ya jiko. Mtu akamwona. Mtoto akazaliwa, msichana, wakati wa mvua, akaitwa Nafula. Akinyonya, anatoka jasho. Midomo ikawa zambarau.

"Alipotuacha, mama mkwe wangu akasema ni lile yai," aliniambia. "Na mimi nikaamini. Kuna siku bado naamini."

Miaka yote hii nimejua kwamba Wekesa ndiye kifungua mimba wao. Yeye mwenyewe anajua hivyo. Kijiji kizima humwita mama yake Mama Wekesa, na hakuna mtu aliyewahi kunidokezea kwamba kabla ya hapo, kwa muda mfupi, mwanamke huyu aliitwa Mama Nafula.

"Nilipoona Simiyu anatoka jasho nilijua anaenda wapi. Singeweza kuangalia mara ya pili. Nilitoroka, Njeri. Nilikuacha peke yako nikatoroka."

Nilikuwa bado nimesimama na Biblia mkononi.

Aliyakuta mayai nyuma ya mitungi akadhani kuna mtu wa nyumbani Bungoma aliyenisimulia, na kwamba nimeanza kuyakwepa kwa ajili ya huyu aliye tumboni. "Nikasema, huyu amesoma, anafanya kazi na mioyo. Kama hata yeye anaogopa mayai, basi kweli nilimuua mtoto wangu." Kwa hiyo akayapika yote. Alitaka nile akiniona.

Niliweka Biblia chini, nikachukua yai, nikala. Nikachukua la pili. Sikuwa na njaa. Ilikuwa njia pekee niliyoiona ya kumjibu.

"Mama, si yai."

Akatikisa kichwa. Nikamwambia tena. Nikamweleza kwamba moyo huanza kujiunda mapema sana, mara nyingi mama hata hajajua ana mimba. Kwamba kuna maelekezo ndani ya seli zenyewe, yanayosema ukuta uote hapa, mshipa upite pale, na wakati mwingine elekezo moja linakosewa. Kwamba nimeona mioyo mingi ikiharibika mbele ya macho yangu, na yai moja la mwanamke mwenye njaa haliwezi kufanya hivyo. Nilisema kwa sauti ya ukali, nadhani kwa sababu nilikuwa nakaribia kulia. Yeye alilia kwanza.

Kisha akauliza, "Sasa kama si yai, ni nini?"

Nikamwambia kwamba mara nyingi hatujui. Huo ni ukweli. Lakini kuna ukweli mwingine nilioumeza pamoja na lile yai.

Watoto wawili, nyumba moja, ugonjwa unaofanana. Huenda ni bahati mbaya tu iliyotokea mara mbili. Au huenda kuna kitu kidogo kinachopita katika damu yao, kikatoka kwa Mama kikampitia Wekesa bila kumgusa, kikamfikia Simiyu. Kama ni hivyo, huyu ninayembeba naye yuko njiani. Ili kumwondolea Mama lawama ya yai, ilibidi niiokote hofu hii, na sasa ni yangu. Yai lingekuwa rahisi. Yai unaweza kuacha kulila.

Daktari wetu huuliza kila mara, je, kuna mtoto mwingine katika familia aliyeugua moyo? Wekesa hujibu haraka, "Kwetu hakuna." Kuhusu jaribio linaloanza kesho, nitamwomba mkubwa wangu msamaha, tutanunua mayai mengine. Lile jibu la Wekesa ndilo limenikosesha raha.

Mama aliniomba nisimwambie Wekesa. "Atanionaje?" Nilimwambia siwezi. Si kwa ubaya, Mama, lakini daktari lazima ajue, ili ajue atafute nini. Akarudi kukunja ncha ya leso yake.

Wekesa akaingia, kichwa kinang'aa, ananukia spiriti ya kinyozi. "Niaje, mbona mmenyamaza hivi? Kwani nani amekufa?" Akachukua yai.

Mama alimwambia mwenyewe. Hakuzunguka. Wekesa alisikiliza na yai mkononi, hakulila wala hakulirudisha. Mwishowe akasema, "Mathe, kumbe nilikuwa na dada." Akatoka kwenye roshani, akasimama akiangalia mawingu. Yuko huko bado. Nimempelekea sweta, nimemwacha.

Je, nitaweza kulala kwenye kile kitanda kesho na kuangalia kioo cha mashine? Najua mno. Nitazitafuta kuta mwenyewe kabla daktari hajasema neno. Naogopa vibaya sana, na hakuna hadubini itakayonisaidia.

Lakini nitaenda. Mama anakuja nasi. Ameshapanguza viatu vyake na kuviweka mlangoni. Amesema daktari akiuliza lile swali, Wekesa anyamaze, atajibu yeye.

Nimeandika haya nikiwa chumbani. Sasa hivi ananiita kutoka jikoni. Mayai mengine amewagawia majirani, yamebaki mawili, anasema, moja langu na moja lake. Lake la kwanza tangu Nafula.

"Mama Simiyu!" anaita. "Kuja tumalize."