Mbio za Diski na Waya

Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inawakuta wazima, wewe, shemeji na wapwa zangu. Mimi mafua yamepita, sasa natafuna hata mifupa.

Umeuliza mbona kimya. Nilikuwa na shughuli za wakubwa. Kazi yangu unaijua: kubeba diski za vinasaba kwa pikipiki kutoka maabara yetu hadi chuo kikuu upande wa pili wa mji. Vinasaba ni yale maandishi ya ndani ya damu. Herufi ni nne tu, lakini zimejipanga foleni ndefu mpaka msomi anasinzia. Bila mimi kufika, watafiti hawana cha kulinganisha. Nimengojewa dirishani na maprofesa, dada, shingo nje.

Basi ukaletwa waya wa mtandao wa kasi. Fundi wa kompyuta, mtu wa maneno mengi, akanitania kwamba pikipiki sasa nikafugie kuku. Nikamwambia tushindane. Wakakubali huku wanacheka: hifadhi nzima ya vinasaba ipite kwenye waya, nakala yake nibebe mimi. Nilikwenda kwa kasi hivi kwamba mbwa walibweka nikiwa nimeshafika. Lori lilinizibia njia, nikapita chini yake. Shemeji atabisha, mwache. Nilipokabidhi diski, waya ulikuwa haujafika hata nusu. Walinipigia makofi, na fundi mwenyewe akaninunulia soda.

Jioni mama mkuu wa maabara akaniita pembeni. Alisema nimeshinda kweli, ila mimi nimefika chumba kimoja, na waya ulipomaliza umefika kwa kila mtafiti aliyekuwa akingoja, hapa na ng'ambo. Tayari daktari wa bara jingine ameona kuwa homa inayowasumbua watoto wa huku ni ileile ya kwao, na dawa yake anaijua. Nikampa mkono wa hongera. Mimi huyu.

Sasa ukweli, dada. Kazi imekwisha. Ile pikipiki niliyokuambia siku zote kuwa ni yangu ilikuwa ya maabara, na funguo nimerudisha. Walinipa kulinda geti, nikakataa. Siwezi kuwafungulia watu waliozoea kunifungulia. Naomba kile chumba cha uani hapo kwenu mpaka nipate pa kushika.

Ningepiga simu, lakini kwenye simu ningekudanganya tena. Nijibu mstari mmoja tu. Ukinyamaza, nitaelewa.

Wasalimie wote, na shemeji pia.

Ni mimi,
Kaka yako