Mgeni Tu

Jumatatu, 2 Juni

Amekubali! Jumapili anakuja nyumbani, saa nane mchana. Kasema mwenyewe, kwa mdomo wake, amesimama hapa karakana, mkono juu ya mgongo wa kiti.

Ni mtu wa mapokezi kwenye kliniki ya meno. Jina lake nalitunza. Kwenye daftari hili ni Dada wa Meno. Viti kumi na viwili vya chumba chao cha kusubiri nimevivisha ngozi mpya, na amekuja kuvikagua mara tano. Viti kumi na viwili havikaguliwi mara tano. Hata mimi si mjinga kiasi hicho.

"Nataka nione unakoishi," kasema. "Na mtoto wako nimwone."

Alipoondoka nikajipiga stepla kidole gumba. Sikusikia kitu! Fundi makochi, mgane, miaka arobaini na sita, nacheka na kuta.

Tatizo ni moja tu. Lina miaka kumi na mitano, lina hedifoni masikioni, na linaishi chumba cha pili.

Binti yangu si mtoto mbaya. Hatukani, haibi, darasani yuko mbele. Ila salamu — hakuna. Mwezi uliopita mwenye nyumba alibisha hodi. Binti akafungua, akamtazama, akasema "hayupo", akafunga. Nilikuwa nyuma yake, nakunywa chai.

Jumanne, 3 Juni

Nimempigia dada yangu mkubwa kumpa habari. Nilitaka vigelegele, nikapewa mhadhara. Samaki mkunje angali mbichi, kasema, na huyo wako amekwisha kukauka, ukimkunja leo anavunjika. Vijana wa sasa wote ndivyo walivyo, wanasalimiana na simu. Kisha akanitajia mambo ya kumfundisha: shikamoo ya kusikika, mkoba wa mgeni upokewe, maji yaletwe kabla hayajaombwa. Nikayaandika yote kwenye kipande cha kitambaa cha kochi, kwa chaki.

Jioni nikamwambia binti: Jumapili kuna mgeni, hedifoni zitoke, salamu iwe kamili. Akauliza mgeni gani. Nikasema mgeni tu.

Akanitazama.

"Sawa."

Hiyo sawa yake sikuipenda. Lakini siku tano tu! Tano!

Jumatano, 4 Juni

Nimepeleka viti viwili vya mwisho kliniki. Nimechukua muda mrefu kuvipanga kuliko inavyohitajika.

Nimeona jambo. Chumba kilijaa. Wanafunzi watatu wamekaa, sare zao za shule, vichwa vimezama kwenye simu. Akaingia mzee, shavu limevimba kama andazi, akabaki amesimama. Hakuna aliyeinua macho. Mimi damu ikaanza kuchemka, nikafungua mdomo — Dada wa Meno akanizuia kwa jicho. Akatoka nyuma ya meza na kiti chake mwenyewe, akamkalisha mzee, akarudi kuandika kwa kusimama. 

Dakika kama mbili. Msichana mmoja akainua kichwa. Akamwona Dada wa Meno amesimama, akamwona mzee, akaona kiti. Akainuka, uso umemwiva, akakipeleka chake nyuma ya meza. Dada wa Meno akamshukuru kama anamshukuru waziri.

Baadaye nikamuuliza kwa nini hakuwakaripia tu.

"Ningemkaripia angeinuka," kasema. "Sikumkaripia, akaona."

Moyo wangu! Nilitaka kupiga makofi pale pale. Nikasema basi binti yangu utamweza. Hapo akaacha kutabasamu. Akaniambia kazini anavumilia kwa sababu ni kazi. Lakini alishaishi miaka mitatu kwenye nyumba ya kaka yake, watoto wanampita asubuhi na jioni bila hata kumtazama. Hatarudia.

"Sitaki tena kuwa kiti, fundi."

Mimi natengeneza viti. Nimeelewa vizuri sana.

Alhamisi, 5 Juni

Nimejaribu mazoezi. Nikatoka nje, nikafunga mlango, nikabisha kama mgeni. Mara ya kwanza, kimya. Mara ya tatu akafungua.

"Baba, una ufunguo."

Akarudi ndani. Mazoezi yamekwisha.

Ijumaa, 6 Juni

Sina mzaha leo.

Binti alipita karakana saa kumi kuchukua ufunguo, wake kausahau. Nilikuwa na wateja, mtu na mkewe, wanachagua kitambaa. Binti akapita katikati yao kama upepo, akanyoosha mkono kwangu. Hakuna habari, hakuna samahani. Nikaona aibu. Nikawaza Jumapili. Nikamuuliza mbele yao, kwa sauti, umelelewa na nani wewe?

Akavua hedifoni. Moja, kisha ya pili.

"Na wewe."

Mteja akakohoa. Mkewe akazama kwenye vitambaa. Nami badala ya kuyaacha, nikaendelea. Nikasema hata salamu imekushinda, salamu haina gharama. Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

"Mara ya mwisho kunisalimia ni lini, baba? Asubuhi unaniambia nimechelewa. Jioni unaniuliza nimefagia. Chumbani kwangu unaingia tu. Na huyo mgeni tu, shangazi ameshaniambia ni nani. Unaleta mtu nyumbani kwetu, mimi hata hodi hukunipigia."

Akachukua ufunguo mezani. Akawageukia wale wateja, akasema samahani. Taratibu, kwao wote wawili. Akaondoka.

Yule mama akachagua kitambaa cha kwanza alichokigusa, wakaaga haraka.

Nimekaa na nyundo mkononi, najaribu kukumbuka. Jana asubuhi? Nilisema "taa zima". Juzi? "Sare hiyo mbona haijapigwa pasi." Jumatatu, nilipokuwa nimejaa furaha hadi shingoni — nilisema nini? Sikumbuki hata kama nilimwona.

Jumamosi, 7 Juni

Nimefunga karakana mapema. Nimesimama mbele ya mlango wa chumba cha pili kama mdaiwa. Nyumba yangu mwenyewe!

Hodi.

Kimya.

Hodi.

Kimya. Mlango wenyewe hauna hata kitasa cha maana, ningeusukuma kwa kidole. Nikapiga ya tatu. Hodi ya tatu isipojibiwa mtu hugeuka, nami nikageuka. Nimefika kwenye meza ya kulia —

"Karibu."

Sijui kama nimewahi kulisikia neno hilo vile. Nikaingia. Nikasema habari za leo. Akasema nzuri. Tukabaki tunatazamana, wote tumeona haya, kama watu waliotambulishwa sasa hivi.

Nikamwambia kila kitu. Viti kumi na viwili, kukagua mara tano. Akacheka kwenye ile mara tano, akaziba mdomo. Nikamwambia ninapokuwa na Dada wa Meno nacheka, na kwamba tangu mama yake afariki, miaka sita sasa, nilidhani kucheka kwa namna ile kumekwisha. Akatazama dirishani. Kisha akauliza maswali mawili tu.

"Atahamia hapa?"

Nikasema sijui. Hatujafika huko.

"Mkifika, utaniuliza kabla?"

Nikasema nitakuuliza kabla. Nikaapa. Akasema kuapa si lazima, baba.

Sikumwomba amsalimie mgeni. Neno lilikuja mpaka kwenye ulimi nikalimeza. Kile kitambaa cha chaki cha dada yangu nimekikung'uta kikabaki bila neno.

Nimepiga pasi mashati mawili. Kesho! 

Jumapili, 8 Juni

Saa mbili asubuhi. "Habari za asubuhi," nimesema. "Nzuri, baba. Umeamkaje?" Umeamkaje! Nimemwaga chai.

Saa sita. Shati la bluu. Hapana, jeupe. La bluu.

Saa nane kasorobo — kawahi! Niko chumbani, kifungo kimoja mkononi, sindano mdomoni. Hodi mlangoni. Nasikia hatua za binti.  Mlango unafunguliwa —

"Shikamoo. Karibu sana. Habari za njiani? Naomba nikupokee mkoba."

Nimekaa kitandani. Machozi, jamani. Fundi mzima.

Saa tisa. Naandika sebuleni, peke yangu, daftari juu ya goti, ili mikono ipate kazi. Nieleze kwa mpangilio.

Mambo yamekwenda vizuri mno. Hiyo mno ndiyo inayonitia wasiwasi. Binti kaleta maji kwenye sinia, mikono miwili. Kauliza mgeni angependa kukaa upande gani. Kajibu kila swali: ndiyo, hapana, ahsante. Shule nzuri, ahsante. Masomo mazuri, ahsante. Hedifoni sijaziona. Kasimama kando ya meza, mikono nyuma, mpaka alipoombwa akae, na alipoombwa akakaa ukingoni. Mimi nimevimba kwa fahari. Nikawa namtazama Dada wa Meno, nangoja asifu.

Hakusifu. Alikuwa anamtazama binti yangu kama alivyomtazama yule mzee wa shavu. Binti alipokusanya vyombo na kwenda jikoni, akainama kwangu, sauti ya chini.

"Hiyo ni adabu ya mapokezi, fundi. Naijua. Ndiyo naifanya kila siku kwa watu nisiotaka wanijue."

Nikasema mtoto amejitahidi. Akasema ameona, amejitahidi sana, ndiyo maana. Akavua saa mkononi, akaiweka mezani, akainuka, akaenda jikoni. Sikujua nimzuie au nimfuate. Nikabaki.

Nikasikia akiuliza kama anaweza kusaidia.

"Wageni hawaoshi vyombo," binti akajibu. Taratibu kabisa. Kila neno limenyooka.

Nikahesabu mpaka tisa.

"Sawa," Dada wa Meno akasema. "Basi nisimame tu hapa. Ukichoka kuniona, niambie nirudi."

Maji yakafunguliwa. Sahani. Sahani nyingine.  Saa yake iko hapa mezani, dakika zinapita, nne, tano. Kijiko kimeanguka. Mmoja wao kacheka — kidogo, kama chafya — sijui nani! Nimesimama. Nimekaa tena.

Sasa maji yamefungwa. Binti anauliza kitu. Si ile sauti ya sinia, hii ni sauti yake, ile ya kuburuza. Sisikii maneno. Navuta shingo.

"Hapana," Dada wa Meno anajibu. "Hilo hajaniambia. Niambie wewe."

Hilo lipi? Sijamwambia nini?

Hatua, ndala za binti zinakuja mlangoni. Ametokeza kichwa, ameniona nimeinama upande huu kama mnara unaotaka kuanguka. Hakukasirika.

"Samahani, baba," amesema.

Na ameufunga mlango wa jikoni, polepole, mpaka kitasa kikalia. Ndani nasikia viti viwili vikivutwa.