Koko Anashiba kwa Mdomo Wangu

Liège, siku ya mvua kama nyingine zote

Yaya yangu Faida, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu kwa mikono miwili kama tulivyofundishwa, ingawa mmoja umeshika kalamu. Habari ya mgongo wako, na huo mzigo unaoubeba mbele? Habari ya mtaa wenu wa Cimpunda, mnalala? Huku redio inataja Bukavu mara chache, tena kwa sauti ya mtu anayetangaza hali ya hewa, kisha wanarudi kwenye mpira. Mimi ni mzima, au tuseme nakula, nafanya kazi na nalipa chumba. Habari ya uzima wenyewe utaisoma hapo chini.

Barua yako imenifikia kwa mkono wa yule sista wa parokia aliyepitia Kigali. Aliitoa ndani ya soksi, maskini. Niliisoma nimesimama katika chumba cha kufulia cha hospitali ninakofanya kazi, na nilipofika pale ulipoandika juu ya Mama, nikakaa juu ya mashuka machafu.

Unasema tangu vita imtoe kijijini kwetu Miti na kumleta kwako, Mama anamwita binti yako Cibalonza "mimi", kwa kuwa ulimpa jina lake. Anakaa mlangoni, anamtazama mtoto akila, na mkimwekea yeye sahani anaisukuma: "Nilisha shiba. Muniangalie pale, niko nakula." Na majirani wameanza kukuambia: "Musimusumbue. Maman alisha hama, iko mu mutoto." Halafu, kwa herufi ndogo, umeongeza kwamba njia ya Miti imefungwa, unga umekuwa wa kugombania, na labda Mungu mwenyewe ndiye amepanga hivyo.

Yaya, nimeogopa ile mistari midogo kuliko waasi wote walioshika mji. Nisikilize mpaka mwisho, halafu unitukane ukipenda.

Wewe ulikuwa umekwisha kwenda kwa masista kusoma, Koko, bibi yetu, alipoanza. Mimi nilikuwa pale Miti, na jina langu ni lake. Unajua desturi yetu: aliyepewa jina la mzee anapewa tonge la kwanza kutoka sahani ya mzee huyo, ili wajuane. Basi Koko Nabintu alianza kunipa tonge la kwanza, kisha la pili, kisha sahani nzima. "Mimi niko pale," aliwaambia watu, akinionyesha kwa kidole. Wakubwa wakatikisa vichwa, wakasema Koko amehama. Mgeni akija alinisalimia mimi kwanza, kwa heshima ya mzee, nami nina meno ya utoto! Nilikula vyangu na vyake. Nikanenepa, nikasifiwa. Yeye aliwekwa juani karibu na mlango, na kila nikitafuna, Yaya, mdomo wake nao ulitafuna. Nikimeza, koo lake linapanda na kushuka. Nilijaribu siku moja kutafuna bila kitu mdomoni, nione. Akatafuna naye, kisha akafuta midomo kwa kanga yake, akashukuru.

Alikufa amekuwa mwepesi kama kikapu. Hakuna aliyelia sana, maana tulidhani tumebaki naye.

Sasa nije kwenye habari yangu. Nilimweleza daktari mmoja wa hapa hospitalini kwamba kwetu akili za wanawake huondoka mapema: Koko, shangazi yake Koko, na sasa Mama, ambaye hajafika hata uzee wa kushika fimbo. Akaandika, akauliza, akatoa damu yangu. Majibu yalipotoka aliniita ofisini, akafunga mlango polepole, nami nikajua. Ule ugonjwa wa kusahau tunao ndani ya damu, unashuka kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto kama nyusi zetu hizi. Ninao. Wewe labda unao, labda huna. Alisema ni hatari, siyo hukumu, na kwamba dawa ya kuuzuia haipo.

Nikauliza, "Nifanye nini basi?" Akanipa karatasi yenye picha ya wazee wazungu wanaoendesha baiskeli.

Nikaanza kutafuta mtu wa kunishika mkono. Wa kwanza aliniuzia vidonge vya samaki vyenye harufu ya gati. Wa pili alitaka nile matunda ambayo hata jina lake sikuweza kulitamka. Mwishowe nikampata Madamu Hilde, mshauri wa chakula, mwanamke mrefu mwenye sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza. Ananipokea katika ukumbi nyuma ya kanisa. Ananiuliza nimelala vipi, nimetembea wapi, nimeongea na nani. Na unajua alichoniambia nile? Samaki wadogo. Majani. Maharagi. Avoka. Sukari kidogo, mwendo mwingi, na nisile peke yangu. Nikacheka mpaka akakasirika. Nimevuka bara zima na bahari ili mzungu aniagize sambaza wa ziwa letu na mboga zetu za lengalenga! Lakini hakunidanganya. Alisema chakula hakibadilishi damu; huenda kikachelewesha, huenda kisicheleweshe, ila mwili usiolishwa huanguka haraka zaidi.

Sasa ndiyo hili ambalo sijamwambia mtu. Juzi alinipangia sahani mezani ili nione kipimo. Samaki, majani, viazi. Nje mvua, ndani taa nyeupe. Nikaitazama ile sahani na nikasema, "Nimeshiba." Nililisema kwa Mashi, lugha yetu ya nyumbani, na sauti haikuwa yangu. Ilikuwa ile ya mlangoni, Miti. Madamu Hilde akageuka nyuma kutazama ni nani ameingia. Ukumbi ulikuwa mtupu. Uma uliniponyoka ukaanguka.

Nilipotulia nilimsimulia yote, Koko na Mama na binti yako. Akauliza, "Hakuna siku hata moja bibi yako alikula?"

Yaya, nilikumbuka! Kulikuwa na siku. Nilishikwa na malaria, nikatapika kila kitu, sikutaka hata maji. Siku hiyo Koko alilia tangu asubuhi: "Mimi niko na njaa! Munaniua na njaa!" Wakampa bugali na maharagi akamaliza, akaramba vidole, akadai tena. Wakubwa walisema amerudi kidogo kwa sababu nyumba aliyohamia, yaani mwili wangu, ina moto wa homa. Nilipopona, naye akashiba tena.

Basi usibishane na Mama kwamba yule si yeye. Fanya hivi, nakuomba kwa magoti. Cibalonza asionekane anakula kabla yake, hata kipande cha muhogo. Wakati wa chakula wakae wote wawili mbele ya sahani moja, ya mtoto iwe hiyo hiyo, na mtoto aguse tumbo, amwambie: "Koko, niko na njaa." Mfundishe kama mchezo. Mama akianza kutafuna, mtoto naye aanze. Wape sambaza zikipatikana, na majani yoyote mnayochuma nyuma ya nyumba. Na ukibaki mfupa wa samaki, mgawane huo mfupa. Hajahama, Yaya. Yuko pale mlangoni, na tumbo ni lake.

Uliniuliza kama mtoto anayekuja, akiwa wa kike, utampa jina langu. Nilikuwa nimekwisha kukuandikia hapana. Niliogopa, niliona kama namvalisha ile damu kichwani. Barua hiyo nimeichana. Damu haiji na jina. Mpe Nabintu. Mfundishe na yeye ule mchezo wa sahani, na usimwache ausahau hata akiwa mkubwa, kwa sababu siku yangu ikifika nitakuwa nimekaa mlangoni mahali fulani, nikitazama mdomo wa mtu, na nitahitaji awepo mmoja wa kuniambia kwamba ana njaa.

Msalimie shemeji yangu, mume wako, na umwambie redio aliyoniomba naitafuta. Msalimie mjomba wa Bagira, na mama mkwe wako anayesema mimi ni mwembamba. Mbusu Cibalonza. Kisha kaa karibu na Mama, wakati sahani iko katikati, umsomee salamu zangu. Akiuliza Nabintu ni nani, mwambie ni mtoto wake, yuko mbali, na leo bado hajala.

Mdogo wako,
Nabintu wa pili