Nionyeshe Kisiki

Furaha mujukuu wangu,

Huku Goma tumeamka salama. Shangazi yako anajenga jikoni mpya, na parseli yote, nyumba na uwanja wake, inanukia mbao. Unauliza huko Kinshasa utajuaje kama mbao munazonunua ni za halali, maana kila karatasi iko na stampu.

Lava ya volkano ilipomeza nyumba yetu, mtaa wetu wote wa Mabanga ulitafuta mbao za kujenga tena. Wakati ule wa uasi, kila mwenye bunduki alikuwa na stampu yake. Muuzaji mmoja wa mbao kwa soko la Birere alinionyesha stampu tatu. Nikamwambia, "Papa, nionyeshe kisiki." Akanikasirikia. Mama aliyeuza pembeni yake akasema, "Changu kiko kwa shamba yangu, kule kwa mji wa Kiwanja. Twende."

Tulipanda lori. Kwa shamba, majirani walimsalimia kwa jina, na kile kisiki cha mkaratusi kilikuwa kimetoa machipukizi yanayofika magotini. Nilicheka kama mutoto. Nyumba yangu ilikuwa chini ya mawe, na hapa mti uliokatwa umeanza tena.

Stampu inanunuliwa, lakini kisiki kinaonyesha mti ulikatwa wapi, na majirani wanajua ni wa nani. Kwa hiyo uliza kisiki, Furaha, ukione kwa macho yako. Mbao za jikoni ya shangazi yako zimetoka kwa kisiki kilekile, machipukizi yake yamekuwa miti.

Tate wako wa Mabanga